Oda tatu kwa kiwanda kimoja cha Tiruppur

Mezani kwangu nimetandika fulana tatu. Ya kwanza ni nyeupe, ya pili ina kijani cha jani la mzeituni, ya tatu ina rangi ya chungu kilichochomwa. Zote zina lebo yangu shingoni, zote zimeshonwa na kiwanda kilekile cha Tiruppur, kusini mwa India, na zote nimezifua mara kumi na mbili kabla ya kukaa kuandika. Ukizitazama kwa mbali utasema zimetoka tumbo moja. Sasa jaribu kuzikunja kwa kulinganisha mishono ya ubavuni. Ile nyeupe inakataa. Mshono wa kushoto umezunguka ukaja tumboni, wa kulia umekwenda mgongoni. Hiyo ndiyo oda ya kwanza, vipande 400.

Kiwanda sitakitaja jina. Tumegombana, tukapatana, na bado nafanya nacho kazi. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu mnaotaka kuanzisha chapa ya nguo na hamna mtu wa kumuuliza, kwa sababu mimi nilipotafuta maoni ya mtu aliyefika oda ya tatu sikuyapata. Niliyoyakuta yote yalikuwa ya watu waliopokea sampuli wakafurahi.

Nianze na jinsi nilivyofika huko. Nilituma maombi ya bei yaleyale kwa viwanda 21. Vya Bangladesh vilinijibu kwa adabu kwamba wanaanzia maelfu ya vipande kwa rangi moja, nikashukuru nikaendelea. Huko Barcelos, kaskazini mwa Ureno, nilipata karakana iliyokubali vipande 100 kwa rangi na sampuli yao ilikuwa nzuri kuliko zote, ila bei yao ilizidi mara mbili ile ya India na nisingebaki na kitu. Kutoka Guangzhou mtu mmoja alinitumia picha za kiwanda kikubwa chenye sakafu inayong'aa. Nikamwomba tupigiane simu ya video, aanzie getini, apite meza ya kukatia, aishie kwenye kufungasha, bila kukata simu. Wiki mbili alikuwa na udhuru, mara mtandao, mara bosi hayupo. Alikuwa dalali. Udalali si dhambi, na wapo madalali wanaokufaa kuliko kiwanda chenyewe, lakini aliyeficha kwamba ni dalali atakuficha pia nguo zako zinashonewa wapi.

Tiruppur ni mji wa fulana. Anayeujua ataelewa kwa nini niliuchagua: uzi, ufumaji, utiaji rangi, uchapaji, ushonaji, lebo, hata mifuko ya kufungia, vyote vimo ndani ya mwendo mfupi wa pikipiki. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo iliyonichoma. Kinachoitwa kiwanda pale mara nyingi ni mtu mwenye mashine za kushona na chumba cha kukatia. Kitambaa chake kinafumwa kwa jirani, kinatiwa rangi kwa jirani mwingine, kinabanwa na kunyooshwa, yaani kupewa upana na uzito wake wa mwisho, kwa wa tatu. Mimi nilidhani naagiza kwa mtu mmoja, kumbe nilikuwa naagiza kwa watu watano na ninamjua mmoja tu.

Sampuli ya oda ya kwanza ilikuwa ya kubusu. Nilijifunza kushona kwenye cherehani ya mama, kwa hiyo niliigeuza ndani nje nikaikagua: ovaloki (mshono unaozuia ukingo usifumuke) ya nyuzi nne mabegani, utepe wa kuimarisha ukitoka bega hadi bega nyuma ya shingo, pindo lenye mistari miwili iliyolala sawa, hakuna uzi unaoning'inia. Nikalipa asilimia 30 ya kuanzia kazi. Mzigo ulipokwisha walinitumia picha za katoni zimepangwa, nikalipa asilimia 70 iliyobaki siku ileile. Nilikuwa nimejawa na furaha, sikutaka kuwachelewesha.

Sampuli, wenzangu, inashonwa na fundi bora wa kiwanda, peke yake, bila saa inayomkimbiza, kwa kitambaa chochote kizuri kilichopo stoo siku hiyo. Mzigo unashonwa na mstari wa watu thelathini, kila mmoja na mshono wake, kwa kitambaa kilichofumwa wiki iliyopita. Kati ya hivyo viwili lazima iwepo sampuli nyingine, ile inayoshonwa kwa kitambaa chenyewe cha mzigo, rangi yenyewe, lebo yenyewe, kabla hawajakata. Unaifua, unaipima, ukiridhika unatia saini, moja inabaki kwao na moja kwako. Mimi sikuiomba, na wao hawakunikumbusha. Hapo nawakata alama, maana mnunuzi mgeni wanamtambua tangu barua ya kwanza.

Malalamiko yalianza wiki ya pili ya mauzo. Mteja mmoja alinitumia picha amesimama mbele ya kioo, mshono umemzunguka kiunoni kama mkanda wa mgambo. Nikafua fulana kumi za kwangu. Saba zilipinda.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Kitambaa cha fulana hufumwa kwa mashine ya duara, na uzi wake umesokotwa. Lile sokoto halilali, muda wote linataka kujifungua, na maji yakiingia linapata nafasi. Kitambaa kikiwa kimefumwa kwa kubana, vitanzi vinashikana na nguo inatulia. Kikiwa kimelegea, vitanzi vinaegemea upande mmoja na mshono unavifuata. Na kitambaa kilicholegea kina alama yake nyingine: ni chepesi. Nilikata mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye fulana mpya isiyofuliwa, nikauweka kwenye mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ukipata gramu 1.80 maana yake kitambaa ni gramu 180 kwa mita ya mraba, ndivyo tulivyokubaliana. Nilipata 1.62.

Asilimia kumi imekwenda. Na kitambaa cha fulana hununuliwa kwa kilo. Kikivutwa kwa upana wakati wa kunyooshwa, kilo ileile inatoa fulana nyingi zaidi, na ukiishika dukani huwezi kujua. Unakuja kujua kwenye beseni la kufulia.

Kijana anayesimamia oda yangu, ambaye daima huniita Madamu na hujibu ujumbe hata saa nne usiku kwake, aliniambia hilo ni tabia ya kitambaa. Nikamtumia video ya mizani. Kimya siku mbili. Siku ya tatu akapiga mwenye kiwanda mwenyewe, mzee wa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alisema kiwanda cha kubana kitambaa wanachokitumia siku zote kilikuwa kimejaa, wakapeleka sehemu ya kitambaa changu kwingine, na hawakupima kiliporudi. Hakunizungusha. Lakini pia hakunirudishia fedha. Alitoa punguzo la asilimia 8 kwenye oda ijayo, nikasukuma, tukaishia 10. Punguzo la namna hiyo linakufunga urudi kwa aliyekukosea, na mimi sikuwa na kamba nyingine ya kumvutia: nilishalipa yote. Kwenye waraka wangu wa maelezo nilikuwa nimeandika uzito tu, tena bila kusema upungufu gani naukubali. Kupinda sikukutaja kabisa, wala kurudi, yaani kusinyaa, kwa nguo baada ya kufuliwa.

Vipande 130 vilikuwa vimeshauzwa. Niliwaandikia wanunuzi wote, mmoja mmoja, na waliotaka fedha nikawarudishia. Zilizobaki nilikaa usiku kadhaa na kifumuzi nikitoa lebo zangu, kisha nikaziuza kwa karakana kama kitambaa. Iliniuma sana, na sioni sababu ya kuficha.

Kwa nini basi nilirudi? Kwa sababu ya ile simu ya mzee, na kwa sababu ya maswali mawili niliyomuuliza baada yake.

La kwanza lilikuwa la jengo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, likaua watu zaidi ya 1,100 waliokuwa kwenye cherehani zao. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, washonaji wakaamriwa warudi kazini. Lebo za chapa za ng'ambo ziliokotwa kwenye kifusi. Tangu nianze kazi hii nimeapa kwamba lebo yangu isije ikaokotwa mahali kama pale, kwa hiyo nauliza bila aibu: ghorofa ngapi, milango ya dharura mingapi, inafungwa kwa kufuli wakati wa kazi au la, nionyeshe. Mzee alimtuma kijana atembee na simu, akaifungua milango yote mitatu mbele yangu. Mmoja ulikuwa na katoni zimeegemea. Alizisogeza, na mimi nimeandika kwenye mkataba kwamba zisirudi.

La pili lilikuwa la maji. Mto Noyyal unaopita Tiruppur uliharibiwa na rangi za nguo kwa miaka mingi, hadi Mahakama Kuu ya Madras mnamo Januari 2011 ikaamuru viwanda vya kutia rangi vifungwe mpaka viache kumwaga maji machafu. Vingi vilirudi kazini baada ya kuingia kwenye mitambo ya kusafisha maji na kuyatumia tena. Si vyote vinavyofuata sheria, ndiyo maana nauliza nguo yangu inatiwa rangi wapi. Nilipewa jina la kiwanda cha rangi na nakala ya kibali chake kabla jua halijazama. Anayechelewa kujibu swali hili, mimi namwacha.

Oda ya pili nilikuwa mtu mwingine. Waraka wa maelezo ulifika kurasa tisa. Uzi namba 24 (namba ya unene wake) uliochanwa, yaani ulioondolewa nyuzi fupi, gramu 180 kwa mita ya mraba, upungufu usizidi asilimia 5. Baada ya kufua mara tatu nguo isirudi zaidi ya asilimia 5 kwa urefu wala upana, mshono usipinde zaidi ya asilimia 5 ya urefu wa nguo. Kila kipimo kina mahali pa kuanzia na pa kuishia: kifua kinapimwa sentimita 2 chini ya kwapa, nguo ikiwa imelazwa bila kuvutwa, tofauti isizidi sentimita 1. Kijana alinishukuru, na naamini alimaanisha. Alisema mnunuzi anayeandika hivi anampunguzia kugombana na watu wa mstarini.

Rangi ilinisumbua. Walinitumia vipande vitatu vya majaribio, A, B na C. Nikachagua B jioni chini ya taa ya sebuleni. Asubuhi dirishani B ikawa na unjano wa kinyesi cha mtoto, nikaandika upesi kusimamisha. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na viwanda hulinganisha ndani ya kasha lenye taa maalumu ya mwanga wa mchana. Siku hizi natazama dirishani saa sita mchana, kisha chini ya taa, na nataka kipande kinachostahimili kote kuwili. Walitengeneza D bila kunitoza.

Sasa niseme juu ya huduma ya ukaguzi, maana hii nayo nimeilipia na inastahili sifa. Ni kampuni isiyohusiana na kiwanda, unailipa kwa siku ya mkaguzi. Inakuja mzigo ukiwa umekwisha na angalau asilimia 80 umeshafungwa kwenye katoni, inachagua katoni yenyewe, inafungua. Kwa vipande 600, idadi ya oda yangu ya pili, jedwali la ISO 2859-1, kanuni ya kimataifa ya kukagua mzigo kwa sampuli, katika kiwango cha kawaida linataka vikaguliwe 80. Kwa viwango vya kuvumilia kasoro ambavyo wengi wa biashara hii hutumia, 2.5 kwa kasoro kubwa na 4.0 kwa ndogo, mzigo unapita ukiwa na kasoro kubwa 5, unakataliwa ukiwa na 6. Kasoro ndogo unapita na 7, unakataliwa na 8. Kasoro ya hatari, kama sindano iliyovunjikia kwenye pindo, haikubaliki hata moja.

Ripoti yangu ilikuja usiku uleule, kurasa 30 za picha. Kasoro kubwa zilikuwa 9. Zote za aina moja: ukosi una kijani tofauti na mwili. Kitambaa cha ukosi hufumwa kivyake, na kama hakikuingia kwenye pipa moja la rangi na kitambaa cha mwili, kinatoka na kivuli chake.

Mzigo ukakataliwa. Na safari hii ile asilimia 70 ilikuwa bado kwangu.

Sitasahau tofauti ya mazungumzo. Hakuna aliyeniambia ni tabia ya kitambaa. Mzee alisema kwa kifupi kwamba watafungua zote 600, watenganishe, wabadilishe kosi zilizopishana kwa gharama yao, na mkaguzi arudi kwa gharama yao pia. Ilichukua siku 16. Ukaguzi wa pili ulipita ukiwa na kasoro kubwa 2, nikalipa ndani ya saa moja. Ninalipa haraka kwa makusudi. Kiwanda nacho kinaogopa: nguo zenye lebo yangu hawawezi kumuuzia mtu mwingine, na wapo wanunuzi wanaotoweka bei ya soko ikianguka. Mkitaka kiwanda kiwaheshimu, msikalie fedha yake mzigo ukishapita.

Fulana ya kijani iliyo mezani imerudi asilimia 3 kwa urefu. Mshono uko mahali pake. Ukosi umelegea kidogo sana, ila sijaridhika, kwa hiyo oda ya tatu niliomba ukosi uongezewe nyuzi za kuvutika asilimia 5 na sasa unasimama kama siku ya kwanza.

Juu ya usafirishaji sina mengi. Tunauziana kwa masharti ya FOB bandari ya Tuticorin, yaani wao wanawajibika hadi mzigo upakiwe melini na kuanzia hapo ni wangu, na wakala wa mizigo nimemchagua mimi. Mara ya kwanza nilikubali bei inayojumlisha nauli ya meli kwa kuwa ilionekana rahisi. Mzigo ulipofika, ada za upande wa kupokelea, zilizopangwa na wakala nisiyemchagua, zilizidi nauli yenyewe. Katoni nachukua za tabaka tano, na kila fulana iwe imepoa kabisa baada ya pasi kabla ya kuingia mfukoni, la sivyo joto linageuka maji na maji yanageuka ukungu njiani.

Oda ya tatu, vipande 800, ilikaguliwa mara moja ikapita. Lakini ilichelewa wiki tatu. Niliiweka bila kutazama kalenda yao: Diwali ilikuwa inakaribia, na washonaji wengi wa Tiruppur wametoka majimbo ya mbali ya kaskazini na mashariki mwa India. Wakienda kwao hawarudi siku moja. Katikati ya Januari inakuja Pongal, sikukuu ya mavuno ya huko, na mstari unatulia tena. Kijana alijua haya yote alipokubali tarehe yangu. Nilimwambia hivyo, na ndilo jambo pekee ambalo hadi leo sijapata jibu la kuniridhisha. Anapenda kusema ndiyo. Nimejifunza kumuuliza kwa namna nyingine: siku gani kitambaa kinaingia kiwandani, siku gani mnakata, siku gani kipande cha kwanza kinatoka mstarini. Tarehe tatu ni vigumu kuzipendezesha zote.

Nilitaka pia kuandika kwenye lebo kwamba pamba ni ya kilimo hai, kwa kuwa kiwanda kina cheti cha GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, ukutani. Hapa yule kijana alinifanyia uungwana ambao wengine wasingefanya. Aliniambia cheti cha ukutani kinasema tu kwamba kiwanda kinaruhusiwa kushughulika na pamba hiyo. Mzigo wenyewe unahitaji cheti chake unapouzwa, kuanzia kwenye uzi, na uzi wangu ulikuwa wa kawaida. Nikaacha lile neno. Wangapi wanaliandika kwa kutazama picha ya ukutani tu?

Kama ni nyota, ushonaji nawapa tano, ukweli nne, tarehe mbili. Kwa mtu mwenye vipande 50 na wazo jipya siwapendekezi, atazama kwenye kiwango chao cha chini cha 300 kwa rangi, na afadhali aanze na fundi anayeweza kumwona kwa macho. Kwa aliyeshauza, anayejua nguo yake inapimwaje na yuko tayari kulipa mkaguzi kila mara, nawapendekeza kwa moyo mweupe.

Oda ya nne nimeituma juzi, vipande 1,000 kwa rangi mbili. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeongeza mstari: kitambaa kisibanwe popote isipokuwa kwenye kiwanda kilichotajwa hapa, na nipigiwe simu kabla kikipelekwa kwingine. Pembeni niliacha nafasi ya jina. Leo asubuhi waraka umerudi, jina limejazwa kwa mkono, na chini yake kuna saini ya mzee.